Mahame na Dawa katika Nchi ya Mpanda

Msafiri ashukaye garimoshi Mpanda huona miombo isiyo mwisho, akadhani kwamba miti ile imesimama vivyo hivyo tangu kuumbwa kwa dunia. Mchimba dawa hawezi kudhani hivyo, maana kazi yake humfundisha kwamba dawa haioti kila mahali. Mkwaju hupenda udongo mnono wa vichuguu. Mtundulu, wenye miiba, huvamia mashamba yaliyoachwa na malisho yaliyochoka, ukasongamana humo kabla miti mirefu haijarudi. Mninga, ambao gome lake likikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu, na mteyo, ambao mizizi yake ina harufu kali ya dawa ya kuchua, hukaa katika miombo mikavu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kile kiitwacho pori ni mahame, na kwa Wabende, Wakonongo na Wapimbwe mahame hayo ni ghala ya dawa.

Mahame hayo yalitokeaje? Katika miaka ya 1890 sotoka iliangamiza ng'ombe na wanyama wa porini katika Afrika Mashariki, kisha zikafuata njaa na ndui. Mwanachuoni Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alishikilia kwamba kabla ya misiba hiyo watu walikuwa wameitawala nchi yao kwa jembe na moto, na kwamba walipopungua, pori na mbung'o viliwarudia. Wako waliomlaumu kwa kuipamba mno hali ya kale; hata hivyo, juu ya magharibi ya Tanganyika neno lake lina uzito.

Malale yalipogunduliwa Maswa mwaka 1922, kisha yakaenea upande wa magharibi, serikali ya Waingereza ilichagua dawa moja kubwa, nayo ni kuwahamisha watu. Chini ya uongozi wa Daktari G. Maclean, jamaa zilizokaa mbalimbali msituni zilikusanywa katika makazi makubwa, kama vile Inyonga huko Ukonongo. Miti ilikatwa pande zote ili mbung'o akose kivuli. Hapana shaka maisha ya wengi yaliokolewa. Lakini tendo hilo liligeuza pia ramani ya mitishamba. Vitongoji vya zamani vilifunikwa na miombo, na karibu na makazi mapya watu wengi wakawa wanachimba mahali pamoja. Majani yakichumwa, mti huponyoka. Mzizi mkuu ukichimbwa, mti hufa. Ndiyo sababu mteyo huwahi kuadimika penye watu wengi, na mtundulu huzidi.

Moto nao una sehemu yake. Wawindaji na warina asali wa nchi hii huwasha nyasi tangu zamani, na wageni wengi wamewahukumu kwa jambo hilo bila kuuliza huwashwa mwezi gani. Huko Ndola, Rhodesia ya Kaskazini, majaribio yaliyoanzishwa mwaka 1933, ambayo Colin Trapnell aliyaeleza mwaka 1959, yalionyesha kwamba moto wa mapema, nyasi zingali na unyevu, huiacha miombo ikiishi. Moto wa mwisho wa kiangazi huigeuza kuwa mbuga ya nyasi. Na mahali pasipochomwa kabisa hufungwa na kichaka kizito. Basi hata kutochoma ni kuibadili nchi.

Reli kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki, na mbao za mninga zikaendelea kupata njia ya kutokea. Wakimbizi wa Burundi walipewa makazi Katumba mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978, wakafyeka miombo kupata mashamba. Baadaye Wasukuma walishuka na ng'ombe wao hadi bonde la Rukwa.

Mwaka 1974 ikawekwa Hifadhi ya Katavi, ambayo ilipanuliwa mwaka 1998 na sasa ina kilometa za mraba 4,471. Ndani yake hairuhusiwi kukata mti wala kuchimba mzizi. Kwa mteyo na mninga hiyo ni himaya. Kwa mganga ambaye babu zake walichimba mle, ni mlango uliofungwa, na jembe lake huelekea kwenye vipande vya msitu vilivyobaki nje, ambavyo tayari vinagombewa na tumbaku, mkaa na mifugo. Sheria ya tiba ya asili ya mwaka 2002 ilimtambua mganga na kazi yake. Mahali pa kuchimba haikumpa.

Karibu na Ziwa Katavi, ndani ya mipaka ya hifadhi, uko mkwaju usemekanao kuwa makao ya Katabi, mzimu ambaye nchi imepata jina lake kwake. Watu bado huenda pale kuacha sadaka shinani.