"Ni mafua tu": nilichokikuta kwenye desa la 1918

Najua nimepotea, msinilaumu, majaribio yamefuatana kama siafu. Huku Iringa baridi imeshaingia na hosteli nzima tunakohoa. Juzi nikampigia wifi yangu aliyeko Mbeya, mimba ya miezi saba, nikasikia sauti imekauka kabisa. Kliniki umekwenda? Akanijibu, "Aka wifi, ni mafua tu."

Hilo neno "tu" limeninyima usingizi jamani, maana wiki hiyohiyo nilikuwa nasoma desa la Vita Kuu ya Kwanza. Hebu niwamegee kidogo.

Mwaka 1918 mji wa Mbeya haukuwepo bado. Boma la upande ule lilikuwa Tukuyu, Wajerumani wakiliita Neu-Langenburg. Waingereza walilichukua 1916, na Iringa mwaka huohuo. Watu wakadhani vita imeshapita. Wapi! Mwisho wa Septemba 1918 Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma akitokea Msumbiji, akapita Songea mpaka Ubena, yaani Njombe ya leo (ilikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa hadi 2012), akielekea Zambia. Askari na wapagazi wake walikuwa wanaugua mapafu. Oktoba baadhi ya wagonjwa wakaachwa Ubena, akiwemo Jenerali Wahle.

Wakati huo ile homa ya mafua iliyoitwa ya Kihispania ilikuwa imeshateremka melini: Freetown Agosti, Cape Town na Mombasa Septemba. Kutoka bandarini ikapanda treni, ikatembea na wanajeshi na wapagazi. Nyanda za Juu ikatukuta mvua zinaanza, mashamba yanadai jembe. Aliyelala kitandani hakupanda, kwa hiyo nyuma ya homa ikaja njaa.

Na wajawazito je? Daftari za jeshi zilikuwa za askari na mizigo, mama wa kijijini hakuwa na safu yake humo. Ila Marekani, mwaka 1919, daktari John Harris alikusanya habari za wajawazito 1,350 walioipata homa ile. Karibu nusu walipata nimonia, na kwa jumla asilimia 27 walikufa. Zaidi ya mmoja kati ya kila wanne! Nilisoma mara mbili nikadhani nimekosea.

Sababu zenyewe ni hizi: mimba ikikua inasukuma kiwambo kinachosaidia kupumua, mapafu yanabanwa, moyo unafanya kazi ya ziada, na kinga ya mwili inabadilika. Wala si mambo ya kale. Mwaka 2009 yalipokuja mafua ya nguruwe, Marekani wajawazito walikuwa kama asilimia 1 ya watu wote, lakini asilimia 5 ya waliokufa.

Tofauti yetu na bibi zetu wa 1918 ni kwamba wao hawakuwa na chanjo. Kirusi chenyewe cha mafua ya binadamu kiligunduliwa London mwaka 1933, na chanjo ikaanza kutumika kwa raia Marekani miaka ya 1940. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani likawaweka wajawazito mstari wa mbele wa kuipata. Utafiti wa Soweto wa 2011 na 2012 ulionyesha inapunguza mafua kwa karibu nusu, kwa mama na kwa mtoto. Mtoto chini ya miezi sita hachanjwi mafua, anategemea kinga aliyopewa na mama tumboni. Na chanjo ya wajawazito ina kirusi kilichouawa, hakiwezi kumwambukiza mtu.

Kliniki zetu tumezoea sindano ya pepopunda, hii ya mafua wengi hata hatuiulizii. Basi tuulize! Na mjamzito akibanwa pumzi, homa ikigoma kushuka, au mtoto akipunguza kucheza, asingoje tangawizi wala kujifukiza, aende hospitali siku hiyohiyo. Dawa za mafua zinasaidia zaidi zikianza ndani ya siku mbili.

Wifi nilimsomea ile asilimia 27 kwenye simu. Akanyamaza, halafu akasema, "Mpe simu kaka yako, anipeleke." Nikamwambia kaka yuko kwako, mimi niko Iringa! Tukacheka, lakini jioni alikwenda, na nesi akampima kifua.

Haya, narudi kwenye desa, Jumatatu kuna jaribio lingine. Wenye dada, wake na mawifi wajawazito, pigeni simu leo.