Luigi's Mansion: jumba la mizuka kwa watoto na wazazi

Luigi's Mansion ni mfululizo wa michezo ya video wa kampuni ya Nintendo ya Japani. Mchezo wa kwanza ulitoka mwaka 2001 kwa ajili ya mashine ya GameCube, ukafuatiwa na mingine miwili mikubwa mwaka 2013 na 2019. Shujaa wake ni Luigi, pacha wa Mario, fundi bomba mwembamba mwenye kofia ya kijani. Huingia katika majengo yenye giza akiwa na tochi mkononi na mashine ya kufyonza vumbi mgongoni, na kinachofyonzwa humo ni mizuka.

Kila tarehe 31 Oktoba, usiku wa Halloween, inapokaribia, wazazi wengi wa Marekani na Ulaya hutafuta mchezo wa kutisha ambao mtoto wa miaka 7 au 8 anaweza kuucheza sebuleni, kisha akaenda kulala bila kuweweseka. Luigi's Mansion ni mojawapo ya majina yanayotajwa mapema. Mchezo wenyewe unatisha: milango inakwaruza, radi inapiga, mtu anacheka gizani. Unafaa watoto kwa sababu waundaji wake waliipima hofu hiyo kwa uangalifu, wakampa mtoto mwenzi anayeogopa kuliko yeye.

Mahali pake katika Halloween

Halloween ni usiku wa kuamkia Siku ya Watakatifu Wote, ambayo Wakristo wa madhehebu kadhaa, wakiwamo Wakatoliki, huiadhimisha tarehe 1 Novemba. Desturi zake nyingi zina mizizi Ireland na Uskoti, na zilivuka bahari pamoja na wahamiaji wa karne ya 19. Huko kwao watu walichonga sura za kutisha kwenye mboga za mizizi kama tanipu; walipofika Marekani wakakuta maboga, ambayo ni makubwa na mepesi kuchonga. Siku hizi watoto huvaa mavazi ya kujigeuza, hubisha hodi nyumba kwa nyumba na kuomba peremende. Ni usiku ambao mtoto huruhusiwa kutisha na kutishwa, huku mzazi akiwa hatua chache nyuma yake. Michezo ya video ya aina hii hujaribu kuuleta usiku huo ndani ya nyumba.

Mizuka iliyotangulia

Mizuka iliingia mapema katika michezo ya video. Mwaka 1980 kampuni ya Namco ilitoa Pac-Man, kazi ya mbunifu Toru Iwatani, ambamo mizuka minne ya rangi mbalimbali humfukuza mhusika wa manjano katika vichochoro. Akimeza kidonge kikubwa, mizuka hugeuka buluu na kukimbia, na aliyekuwa akifukuzwa huwa mfukuzaji. Tangu hapo ilijulikana kwamba mtoto huvumilia kutishwa iwapo anajua zamu yake itafika.

Mzuka uliozaa jumba la Luigi ni Boo, kiumbe cheupe cha mviringo kilichoonekana kwanza katika Super Mario Bros. 3, iliyotoka Japani mwaka 1988. Shigeru Miyamoto, muundaji wa Mario, amesimulia kwamba wazo lake lilitokana na mke wa mwenzake Takashi Tezuka: mwanamke mpole aliyefika siku moja akamkasirikia mumewe kwa kushinda kazini kupita kiasi. Wajapani humwita Boo kwa jina Teresa, linalotokana na kitenzi chenye maana ya kuona haya. Mario akimpa mgongo, Boo humsogelea akiwa amekenua meno. Mario akigeuka kumtazama, Boo hujifunika uso kwa mikono na kuganda hapo hapo. Mtoto hahitaji maelezo ya maandishi ili kuielewa kanuni hiyo. Hugeuka mara mbili, akaona, akacheka.

Mchezo wa 2001

GameCube iliuzwa kwa mara ya kwanza Japani tarehe 14 Septemba 2001, na Luigi's Mansion ulikuwa dukani siku hiyo hiyo. Uliongozwa na Hideki Konno. Miyamoto na Tezuka walikuwa watayarishaji. Uamuzi wa kuizindua mashine mpya kwa mchezo wa Luigi uliwashangaza wengi, kwa kuwa mashine iliyotangulia, Nintendo 64, ilizinduliwa mwaka 1996 pamoja na Super Mario 64, na watu walitarajia Mario aongoze tena. Badala yake walipewa ndugu yake, ambaye alipozaliwa katika Mario Bros. ya mwaka 1983 alikuwa Mario yule yule aliyebadilishwa rangi ili mchezaji wa pili apate mtu wa kumwendesha.

Kisa ni chepesi. Luigi anapata barua kwamba ameshinda jumba la kifahari katika shindano ambalo hakuwahi kushiriki. Anamwomba Mario wakutane huko. Anapofika, Mario hayuko, na ndani kumejaa mizuka. Anaokolewa na Profesa Elvin Gadd, kizee kifupi chenye miwani minene kinachoishi kwenye kibanda jirani, na anakabidhiwa mashine ya kufyonza iitwayo Poltergust 3000. Baadaye anagundua kwamba King Boo, mfalme wa akina Boo, amemfungia Mario ndani ya picha ya kuchorwa.

Baadhi ya wahakiki walilalamika kwamba mchezo ni mfupi, unaomalizika kwa saa chache tu. Kwa familia ufupi huo umekuwa faida: mtoto anaweza kuuanza mwanzoni mwa wiki ya Halloween na akaufikisha mwisho kabla wiki haijaisha. Tena mwisho wenyewe hubadilika. Fedha ambazo Luigi ameziokota kwenye kabati, mapazia na vyungu vya maua ndizo zinazomjengea nyumba mpya, na aliyeokota kidogo mno huishia kupata hema.

Hofu inavyopimwa

Mwendo wa mchezo hufuata mzunguko ambao mtoto huuzoea upesi. Luigi hushika kitasa cha mlango. Chumba kina giza, na duara la tochi huonyesha kipande kidogo tu cha ukuta. Mzuka hutokea ghafla nyuma ya kiti au juu ya kabati. Mchezaji akiumulika kwa wakati unaofaa, mzuka hushtuka, na moyo wake mwekundu huonekana kifuani. Hapo ndipo mashine huwashwa. Mzuka huvuta kwenda huku na Luigi huvuta kwenda kule, viatu vyake vikiteleza sakafuni, huku tarakimu juu ya mzuka zikishuka moja moja hadi sifuri. Ukishanyonywa, kazi ya humo ikiwa imekwisha, taa huwaka chumba kizima na kasha huonekana, mara nyingi likiwa na ufunguo wa mlango unaofuata.

Taa hizo ndizo roho ya mchezo. Kila chumba kilichoshindwa hubaki na mwanga, kwa hiyo jumba lililoanza kama pango la giza huwa nyumba kidogo kidogo, na mtoto huona kwa macho yake eneo ambalo haliogopi tena. Sauti hushirikiana na mwanga. Gizani, Luigi huimba muziki wa mchezo kwa kuguna, kwa sauti inayotetemeka, kama mtu anayejipa moyo njiani usiku; chumba kikishapata taa, hupiga mluzi wa wimbo ule ule. Kuna pia kitufe ambacho hakimpi nguvu yoyote: ukikibonyeza, Luigi humwita kaka yake, «Mario!», na sauti hiyo ya mwigizaji Charles Martinet huzidi kuwa ya unyonge kadiri uhai wake unavyopungua.

Mizuka mikubwa ya jumba hilo ina majina, kazi na tabia. Neville, baba wa familia, yuko katika chumba cha kusomea akisoma kitabu kwenye kiti cha kubembea, na hakamatiki mpaka apige mwayo. Mkewe Lydia anachana nywele mbele ya kioo. Ukifungua pazia, upepo humsumbua na kumwondoa katika shughuli yake. Bwana Luggs hashughulikiwi mpaka afyonzewe chakula chake chote mezani na kupandwa na hasira. Ni mafumbo ya kuwatazama watu, na hapa mtoto aliye makini huweza kumshinda baba yake aliyeshika pedi. Mara nyingi anayesema «ngoja, anapiga mwayo!» ni yule aliyejificha nyuma ya mto kwenye kochi.

Ulinganisho unaofanywa mara kwa mara ni ule wa Resident Evil, mchezo wa Capcom wa mwaka 1996 wenye jumba kubwa, funguo, mafumbo na milango ya kufunguliwa kwa hofu. Luigi's Mansion hutumia mifupa ile ile bila damu. Hakuna anayekufa humo, na mizuka mikubwa iliyokamatwa hurudishwa kwenye fremu za picha ilimotoroka.

Michezo iliyofuata

Ilichukua zaidi ya miaka 11 kupata mwendelezo. Mchezo wa pili, Luigi's Mansion: Dark Moon, ulitoka Machi 2013 kwa ajili ya mashine ya mkononi ya Nintendo 3DS, mwaka ambao Nintendo iliutangaza kuwa Mwaka wa Luigi. Ulitengenezwa na Next Level Games ya Vancouver, Kanada. Jumba moja liligeuka kuwa majengo kadhaa katika bonde la Evershade, na akaongezwa mbwa mzuka aitwaye Polterpup, anayeiba vitu na kukimbia navyo hadi mchezaji anaanza kumpenda. Toleo lenye picha safi zaidi lilifika kwenye mashine ya Switch mwezi Juni 2024. Mchezo wa kwanza nao ulitengenezwa upya kwa ajili ya 3DS na kutolewa Oktoba 2018.

Luigi's Mansion 3 ulitolewa kwenye Switch siku ya Halloween yenyewe, tarehe 31 Oktoba 2019. Safari hii Luigi yuko likizoni katika hoteli ya Hellen Gravely, na usiku wa manane wenzake wote wanatekwa. Vitufe vya lifti vimeibwa, kwa hiyo kila mzuka mkubwa anaoushinda humrudishia kitufe na ghorofa mpya. Moja ni bustani iliyoota vichaka hadi darini, nyingine ni kasri la enzi za kale, nyingine ni studio ya filamu. Mchezo huo ulishinda tuzo ya mchezo bora wa familia katika The Game Awards ya 2019, na umeuza zaidi ya nakala milioni 10. Mwaka 2021 Nintendo iliinunua Next Level Games.

Majirani zake

Mchezo ulio karibu zaidi na Halloween yenyewe ni Costume Quest, uliotengenezwa na Double Fine ya San Francisco chini ya uongozi wa Tasha Harris na kutolewa Oktoba 2010. Pacha wawili, Wren na Reynold, wanatoka kuomba peremende. Mmoja amevaa kama peremende, na zimwi linambeba likidhani ni peremende kweli. Aliyebaki hubisha hodi mlango kwa mlango. Pengine hufungua mtu mzima mwenye bakuli la pipi, pengine hufungua zimwi. Zimwi likitokea, vazi la roboti lililogundishwa kwa maboksi hugeuka roboti refu kama jengo.

Zombies Ate My Neighbors, wa LucasArts wa mwaka 1993, huwapa wachezaji wawili bastola za maji na jukumu la kuwaokoa majirani, kwa dhihaka ya upendo kwa filamu za zamani za kutisha. Ni mgumu, na unawafaa zaidi watoto wakubwa. Kwa wadogo kabisa kuna Animal Crossing, ambamo tarehe 31 Oktoba kijiji hupambwa kwa maboga na Jack mwenye kichwa cha boga huja kudai pipi.

Umri na kucheza pamoja

Nchini Marekani michezo hupewa daraja la umri na ESRB, chombo kilichoundwa mwaka 1994. Ulaya kazi hiyo hufanywa na PEGI tangu 2003. Luigi's Mansion 3 una alama ya E ya ESRB, yaani unafaa watu wote, na 7 ya PEGI. Katika mfumo wa PEGI, namba 7 huweza kuwekwa kwa sababu ya picha au sauti zinazoweza kuwatisha watoto wadogo. Mzazi wa mtoto wa miaka 5 anaiona tahadhari hiyo kwenye boksi kabla ya kulipa.

Nyumbani, tahadhari kubwa zaidi ni mtu wa kukaa naye. Tangu 2018 mfululizo huu una Gooigi, nakala ya Luigi iliyotengenezwa kwa ute wa kijani, ambayo mchezaji wa pili huiendesha. Gooigi hupenya kwenye nondo, hupita juu ya miiba bila kudhurika, na huyeyuka akiguswa na maji. Akiyeyuka, hurudi baada ya muda mfupi, ilhali Luigi akiishiwa nguvu mchezo husimama. Kwa hiyo katika nyumba nyingi kazi hugawanywa hivi: mkubwa humshika Luigi, mwenye uhai wa kulindwa, na mdogo humshika Gooigi. Mlango wa giza unapotokea, anayetangulia kuingia ni mdogo.