Kampuni Inapovuka Mpaka wa Jimbo

Katika somo lililopita tuliona jinsi watu kadhaa wanavyoweza kuweka fedha pamoja na kuunda kampuni yenye dhima ya kikomo. Mtakumbuka maana yake: kampuni ikifilisika, mwenye fungu hupoteza zile fedha alizoweka tu. Wadai hawaji kumchukulia ng'ombe wala nyumba yake.

Leo tutazame jambo lililo jirani na hilo. Kampuni ikitaka kufanya kazi mahali pengine, penye sheria nyingine, je, hupita tu? Mtu akivuka mpaka ni yeye yule, kwa sababu ana mwili. Kampuni haina mwili. Imezaliwa na sheria, na sheria ya jimbo moja haiamrishi katika jimbo la pili.

Habari hii tutajifunza kwa mfano wa Marekani. Nchi ile ina majimbo 50, na kila jimbo lina baraza lake na sheria zake za makampuni. Kwa hiyo kampuni iliyoandikishwa katika jimbo jirani huitwa kampuni ya kigeni, hata kama ofisi yake iko ng'ambo ya mto tu.

Sasa sikilizeni kisa cha Bwana Joseph Earle. Benki ya Augusta ilikuwa ya jimbo la Georgia. Ilikuwa na wakala katika mji wa Mobile, ulio bandari ya jimbo la Alabama, naye alinunua kwa niaba yake hati za madeni ya wafanyabiashara. Bwana Earle, mkazi wa Alabama, alitia sahihi yake nyuma ya hati ya namna hiyo, yaani alikubali kuwa isipolipwa, yeye ataidhamini. Mwaka 1837 mambo ya fedha yakaharibika Marekani nzima. Hati haikulipwa, na benki ikamfuata Earle.

Earle hakusema kwamba sahihi si yake. Alisema hivi: benki hii ni ya Georgia, haina ruhusa ya kufanya mkataba katika Alabama, kwa hiyo mkataba wenyewe si kitu. Na jaji wa kwanza alimkubalia! Hebu fikirini. Kama neno hilo lingesimama, wadaiwa wengi wangeweza kufuta madeni yao kwa kunyoosha kidole mpakani. Mabenki yalishikwa na hofu, yakaajiri mawakili wakubwa, mmoja wao Daniel Webster, na shauri likapelekwa katika Mahakama ya Juu ya nchi nzima.

Hukumu ilitolewa mwaka 1839 na Jaji Mkuu Roger Taney. Alisema kampuni hukaa pale ilipozaliwa, haiwezi kuhamia katika jimbo jingine. Hata hivyo yaweza kumtuma wakala wake huko na kufanya mikataba, maadamu jimbo lile halikukataza. Basi Earle alishindwa. Lakini yaangalieni maneno yale, "maadamu halikukataza." Mwenye haki ya kukataza anaweza pia kuruhusu kwa masharti, na majimbo hayakuchelewa kulielewa hilo. Virginia ilitaka makampuni ya bima ya kigeni yaweke amana kwanza. Bwana Samuel Paul, wakala wa makampuni ya New York, akauza bima bila leseni, akatozwa faini ya dola 50. Mwaka 1869 Mahakama ya Juu ilisema Virginia ina haki.

Nisiwafiche: masharti mengine yalikuwa ya kujaza hazina na kuyalinda makampuni ya nyumbani. Lakini liko moja lililomfaa sana mtu mdogo. Tuseme umelipia bima, umepatwa na hasara, na kampuni haitaki kukulipa. Ukitaka kuishtaki unaambiwa makao yake yako jimbo jingine, uende huko. Nauli utaitoa wapi? Wakili utamjua nani? Jimbo la Ohio lilitunga sheria kwamba wakala wa kampuni ya bima ya kigeni aweza kupokea hati ya kuitwa shaurini, na hapo kampuni itahesabiwa imeitwa. Kampuni ya bima ya Lafayette ilikuwa ya Indiana, nayo ilikuwa na wakala mjini Cincinnati, katika Ohio. Watu wa Ohio wakaishtaki kwa njia hiyo, wakashinda. Kampuni ikagoma kulipa, ikisema haikuitwa nyumbani kwake. Katikati ya miaka ya 1850 Mahakama ya Juu iliijibu kwamba iliingia Ohio kwa ruhusa ya Ohio, kwa hiyo ililikubali sharti la Ohio.

Mpaka leo sharti la namna hiyo ndilo uti wa mgongo wa kazi hii. Kampuni ya kigeni hutaja mtu wa kuipokelea hati za mahakama katika jimbo lile, mwenye anwani ya mahali hasa anapopatikana, si sanduku la posta. Pamoja na hayo hupeleka cheti cha jimbo la nyumbani kuonyesha kwamba ingali hai, na hulipa ada.

Kampuni yenye dhima ya kikomo ya namna mpya, isiyo ya hisa, ilianza katika jimbo la Wyoming mwaka 1977, na Florida ikafuata mwaka 1982. Kwa muda mrefu watu waliiogopa. Je, ikifanya kazi katika jimbo lisiloijua namna hiyo, ile ngao ya wenyewe itaheshimiwa? Hakuna aliyeweza kuapa. Mwaka 1988 wakuu wa kodi wa Marekani walitoa uamuzi ulioipendelea, na kabla ya miaka ya 1990 kwisha majimbo yote 50 yalikuwa na sheria yake.

Isipojiandikisha hupatwa na nini? Katika majimbo mengi mikataba yake haifi, na wenyewe hawapotezi ngao yao kwa kosa hilo peke yake. Lakini kampuni haiwezi kumshtaki mdaiwa wake huko mpaka ijiandikishe na kulipa ada na faini. Yeye mdaiwa aweza kuishtaki wakati wowote.

Kabla ya juma lijalo, mwalimu awasomee tena kisa cha Bwana Earle. Kisha nusu ya darasa isimame upande wake na nusu upande wa benki, mjadiliane.