Fasihi na Kesho ya Msitu wa Kakamega

Fasihi imezoeleka kufundishwa kama kioo cha jamii. Lakini kioo huonyesha yaliyopo, si yajayo. Mwanafunzi wa Shieywe aliyefunzwa hivyo huusimulia Msitu wa Kakamega, hifadhi tangu 1933, kama urithi wa wahenga tu, hali majira ya mvua yanabadilika. Hata hivyo, kuwaza kesho si jambo geni. Ukoo wa Nganyi, Bunyore, umesoma dalili za mvua vizazi na vizazi, na baadaye ukashirikiana na wanasayansi wa hali ya hewa. Naye Katama Mkangi, katika Walenisi (1995), aliumba jamii isiyokuwapo ili kuihakiki iliyopo. Mwalimu akiikutanisha mikondo hii miwili, mwanafunzi atauliza: je, wajukuu watausimulia msitu huu kwa njeo iliyopita?