Jaketi la manyoya

Jaketi la manyoya ni vazi la kujikinga na baridi ambalo limejazwa manyoya laini ya bata au bata bukini kati ya vitambaa viwili vyembamba. Aina yake nyepesi kabisa huwa na uzito wa gramu 200 hadi 350 hivi, na hukunjwa hadi kuingia katika mfuko mdogo. Hutumiwa hasa na wapanda milima kama nguo moja kati ya kadhaa zinazovaliwa kwa kupandana. Katika Afrika ya Mashariki huonekana zaidi kwenye Mlima Kilimanjaro, Mlima Kenya na Ruwenzori.

== Jinsi linavyofanya kazi ==
Jaketi halitengenezi joto. Joto hutoka mwilini, na kazi ya jaketi ni kulizuia lisipotee. Manyoya yanayotumika si yale marefu ya mbawa yenye mti katikati, bali ni yale yaliyo chini yake, hasa kifuani. Kila moja lina nyuzi nyingi zinazotawanyika kila upande. Kati ya nyuzi hizo hewa hunaswa na kutulia, na hewa iliyotulia hupitisha joto polepole sana.

Ubora wa manyoya hupimwa kwa kiwango cha kuumuka, yaani idadi ya inchi za ujazo zinazojazwa na aunsi moja (gramu 28) ya manyoya. Manyoya ya kawaida hufikia takriban 550, na yaliyo bora hupita 800. Kadiri kiwango kinavyokuwa kikubwa, ndivyo manyoya machache yanavyotosha kuleta joto lilelile. Kiwango hicho peke yake hakionyeshi joto la jaketi: ni lazima kujua pia uzito wa manyoya yaliyomo.

Kitambaa huwa ni nailoni au polista iliyofumwa kwa kubana ili manyoya yasitoke. Jaketi hugawanywa kwa mishono kuwa vifuko vingi, ili manyoya yasiteremke yote chini. Penye mshono jaketi huwa jembamba na baridi hupenya kwa urahisi zaidi.

Udhaifu wake mkubwa ni maji. Manyoya yakilowa hushikamana, hewa hutoka na joto hupotea. Tena hukauka polepole.

== Historia ==
Watu wa nchi za baridi walitumia manyoya ya ndege katika mito na mifarishi kwa karne nyingi. Mwaka 1922 George Finch, mkemia mzaliwa wa Australia, alivaa koti la manyoya ya bata katika safari ya Waingereza ya kupanda Mlima Everest. Koti hilo lilishonwa kwa kitambaa cha puto. Wenzake, waliovaa nguo za sufu, walimcheka mwanzoni, lakini baridi ilipozidi walilitamani. Finch na Geoffrey Bruce walifika zaidi ya mita 8,300, kimo ambacho hakuna aliyekuwa amekifikia kabla yao.

Nchini Marekani Eddie Bauer alipewa hataza ya jaketi la manyoya lililoshonwa kwa vifuko mwaka 1940. Katika karne ya 21 kampuni kama Uniqlo ya Japani zilieneza majaketi mepesi hata kwa watu wa mijini wasiopanda milima.

== Matumizi mlimani ==
Wapanda milima huvaa nguo katika tabaka tatu:
* Tabaka la ndani, la sufu nyembamba au polista, huondoa jasho kwenye ngozi. Fulana ya pamba haifai kwa sababu hunyonya jasho na kubaki mbichi.
* Tabaka la kati hutunza joto. Hapa ndipo penye sweta ya flisi na jaketi jepesi la manyoya.
* Tabaka la nje huzuia upepo na mvua.

Jaketi la manyoya huvaliwa zaidi wakati wa kupumzika, kambini na alfajiri. Anayepanda kwa nguvu akiwa amelivaa hutokwa jasho, na jasho hilo huyalowesha manyoya kutoka ndani.

== Kilimanjaro ==
Hewa hupoa kwa takriban sentigredi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kisiwani Pemba, ambako vilima havifiki mita 150, wastani wa halijoto ni takriban sentigredi 26. Kwa hesabu hiyo kilele cha Uhuru, chenye mita 5,895, huwa na baridi ya sentigredi 9 chini ya sifuri siku ile ile ambayo mtu wa Chake Chake amevaa shati jepesi. Usiku wenye upepo baridi huzidi hapo.

Katika njia nyingi safari ya kilele huanza karibu na usiku wa manane. Jaketi jepesi peke yake halitoshi wakati huo. Huvaliwa chini ya koti la kuzuia upepo, au huachwa na kuvaliwa jaketi nene zaidi. Katika ukanda wa msitu, ambako mvua ni nyingi, hubaki ndani ya begi, katika mfuko usiopitisha maji. Wageni wasio na jaketi huweza kulikodi mjini Moshi au Arusha.

Suala zito zaidi ni la wapagazi. Wao hubeba mizigo ya wageni na kulala katika kambi zilezile, lakini bei ya jaketi jipya ni kubwa kuliko uwezo wa wengi wao, na nguo za mitumba hazipatikani daima za kufaa. Mtu akikosa nguo za kutosha, joto la mwili linaweza kushuka chini ya sentigredi 35. Hali hiyo, iitwayo haipothemia, huweza kuua. Shirika la Kilimanjaro Porters Assistance Project (KPAP), lililoanzishwa mwaka 2003 na lenye makao Moshi, huwaazima wapagazi nguo za mlimani bila malipo. Sehemu kubwa ya nguo hizo hutolewa na wapanda milima.

== Sufi na mbadala mwingine ==
Kanuni ya kunasa hewa inajulikana Pemba na Unguja kupitia sufi, yaani nyuzi za tunda la msufi, ambazo hujazwa katika mito na magodoro. (Sufi isichanganywe na sufu, ambayo ni manyoya ya kondoo.) Unyuzi wa sufi una uwazi ndani na nta kwa nje, hivyo ni mwepesi na haunyonyi maji kwa urahisi, kwa sababu hiyo ulitumika zamani katika maboya ya kuvaa. Baadhi ya watengenezaji huutumia katika majaketi, mara nyingi ukichanganywa na nyuzi nyingine, kwa kuwa ukiwa peke yake hujikusanya mabonge.

Nyuzi za viwandani, kama PrimaLoft iliyobuniwa miaka ya 1980 kwa ajili ya jeshi la Marekani, ni nzito kidogo lakini hutunza joto hata zikilowa. Wengine huzichagua kwa sababu ya wanyama, kwani ndege wengine hunyonyolewa wakiwa hai. Kanuni za Responsible Down Standard, zilizoanza mwaka 2014, hukataza jambo hilo.

== Utunzaji ==
Jaketi hufuliwa kwa sabuni laini na kukaushwa kabisa, huku mabonge yakivunjwa kwa mkono. Halihifadhiwi likiwa limebanwa, kwani manyoya hupoteza uwezo wa kuumuka. Katika hewa yenye unyevu ya pwani na visiwani, hasa wakati wa masika, linahitaji kuning'inizwa mahali pakavu ili lisiote ukungu.