Vuli ya Pwani si 'aki' ya Wajapani

Mwanafunzi mmoja mjini Kitale anayejifunza Kijapani ameniuliza: 'aki' ni nini kwa Kiswahili? Wengi wangejibu 'vuli', jinsi watafsiri wanavyoyaita majira ya Ulaya ya majani kupukutika. Jibu hilo silikubali, na sababu yangu ni ya kihistoria.

Hebu tuanze na 'msimu'. Neno hili linatokana na 'mawsim' la Kiarabu, yaani wakati maalumu. Kwa mabaharia wa Bahari ya Hindi, wakati huo uliamuliwa na pepo. Kaskazi, inayovuma takriban Desemba hadi Machi, ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikayarudisha. Pepo hizo zinapobadilishana ndipo mvua hunyesha: masika, mvua kubwa ya Machi hadi Mei, na vuli, mvua ndogo ya Oktoba hadi Desemba. Kwa mkulima wa Pwani, vuli ni wakati wa kupanda.

'Aki' nayo ni Septemba hadi Novemba. Mpunga huvunwa, majani ya miti huwa mekundu, na watu hufunga safari kwenda kuyatazama. Katika haiku, shairi lao fupi la mizani 17, desturi hudai neno la majira, 'kigo'. Mshairi akitaja mwezi wa angani tu, msomaji anajua ni aki.

Sasa njoo Kitale na Bungoma. Kiswahili kilifika huku kwa misafara ya biashara, kisha kwa reli iliyofika Kitale mnamo 1926, kikiwa kimebeba majira ya Pwani. Lakini mahindi ya Trans Nzoia hupandwa Machi na Aprili, yakavunwa kuanzia Oktoba. Mvua ambayo kule ni baraka, huku huyatia ukungu mahindi yaliyoanikwa. Basi Oktoba ya Kitale inakaribiana na aki kuliko vuli, ijapokuwa majani yetu hayageuki rangi.

Mtoto wa Bungoma hukariri majira ya kitabuni akapasi mtihani. Muulize majira ya shamba la nyanya yake yanaitwaje kwa Kiswahili, wapi! Hana neno.

Pendekezo langu: 'aki' tuiite 'majira ya mavuno', tukitaja miezi yake. Vuli tuiachie mvua yake. Na walimu wa huku wafundishe majira wakianzia shambani, kwa kupanda, kupalilia na kuvuna, kabla ya kufika Pwani au Japani.