Gusii 2021: Upweke Katikati ya Watu

Ukitaja upweke wa korona, wengi wenu mnawaza mtu amejifungia bedsita Nairobi na simu yake. Mimi nawaza Gusii, Juni 2021.

Sikumaliza chuo, lakini tarehe nazijua. Kisa cha kwanza Kenya kilitangazwa Machi 13, 2020. Juni 17, 2021, serikali ikataja kaunti 13 za magharibi na ukanda wa Ziwa kuwa kitovu cha maambukizi. Kisii na Nyamira zilikuwa ndani. Wakati Nairobi kafyu ilianza saa nne usiku, huku ilikuwa saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri. Mikutano ya ana kwa ana ikapigwa marufuku, hata nyumbani. Ibada na masoko yasiyo ya chakula vikasimamishwa siku 30. Maziko ndani ya saa 72, watu wasizidi 50.

Sasa cheki hii. Sensa ya 2019 ilipata zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita mraba Kisii. Boma linapakana na boma. Ukikohoa, jirani anakuambia pole. Hakuna aliyekosa watu wa kuona. Walichokosa ni mahali pa kutua mzigo. Mama wa mitumba pale Keroka, mpakani mwa Kisii na Nyamira, haendi sokoni kuuza nguo tu. Hapo ndipo anaongea mambo ya nyumbani na mtu asiye wa nyumbani. Kanisa, chama, matanga: hizo ndizo zilikuwa kliniki zetu za akili, na zote zilifungwa au kubanwa wiki moja.

Matanga ndiyo huniuma zaidi. Msiba wa huku una siku zake: moto wa usiku, nyimbo, mchango, watu wengi hadi mfiwa hapati nafasi ya kuanguka peke yake. Ghafla ni saa 72, halafu boma kimya. Sisemi sheria haikuwa na sababu. Delta ilikuwa inaua. Nasema hakuna kilichowekwa pale palipoondolewa watu.

Na serikali ilijua. Julai 2020, jopo la Dkt. Frank Njenga lilipendekeza ugonjwa wa akili utangazwe dharura ya kitaifa. Bado, mtu aliyejaribu kujitoa uhai angeweza kufungwa hadi miaka 2. Sasa hapo ungemwambia nani kwamba umelemewa? Mahakama Kuu ilikuja kufuta kifungu hicho Januari 9, 2025.

Gonjwa lingine litakuja. Tangazo la kufunga soko na kanisa liseme pia nani atapita kwa mfiwa kesho yake. Wahudumu wa afya ya jamii wako vijijini, wapewe hiyo kazi.

Na wewe, ukipiga simu nyumbani leo, uliza nani alizikwa Julai 2021. Kisha nyamaza, usikilize.